Hina ya Idd na Viganja vya Binti Yangu

Nina picha mbili kwenye simu ambazo siku hizi naziangalia pamoja. Ya kwanza ni ya Idd Kubwa ya mwaka uliopita. Binti yangu ana miezi 6, amekalishwa kwenye mkeka darini, amekunja uso kwa jua. Ya pili ni ya Idd Ndogo iliyofuata, ana miezi 15 na siku kadhaa. Amevaa gauni la kijani, hina mikononi, wanja machoni, ametulia tuli mapajani mwa bibi yangu. Hii ya pili niliituma kwa jamaa wote, kuanzia Mombasa hadi Muscat, na majibu yakaja mbiombio. Mashallah, mwana kawa mweupe! Shangazi yangu akaandika kwamba mtoto amerudi kwenye rangi ya wazee wake. Mwingine akauliza tunamlisha nini hata awe mtulivu hivyo, wa kwake hakaliki.

Nilifurahi. Nilijibu kila ujumbe.

Siku kumi baadaye niliambiwa kuwa damu ya mtoto huyo imepungua hadi 7.2.

Kwetu Amu, yaani Lamu, habari ya rangi ni ndefu, na kila aliyezaliwa hapa anaijua. Mtoto akizaliwa huulizwa kwanza ni mume au mke, halafu huulizwa kamfuata nani kwa rangi. Akiwa mweupe husifiwa, na sifa hiyo huingia masikioni mwa mama kama asali. Simlaumu shangazi yangu, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini mtoto yule hakuzaliwa na rangi ile. Rangi yake ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo kwa miezi tisa, na sisi tuliokaa naye kila siku ndio tuliokuwa wa mwisho kuiona ikitoka, kwa sababu jicho huzoea. Na ule utulivu uliosifiwa ulikuwa uchovu. Mtoto asiye na damu ya kutosha halii sana, hakimbii, hapandi ngazi, hamwagi kitu. Anakaa pale ulipomweka. Nyumba nzima hupumzika, na wageni humsifu mama kwa malezi.

Kulikuwa na jambo moja lililonitia wasiwasi, nalo ni chokaa. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe zilizopigwa chokaa, na pale chini ya dirisha la kiwandani, yaani uani, chokaa imeanza kupukutika. Mtoto alikuwa akienda hapo kwa magoti, akikwangua kwa ukucha, akilamba. Nikimwondoa anarudi. Nikimfunga mlango anatafuta ukuta mwingine. Siku moja nilimkuta midomo imejaa weupe kama aliyekula unga, naye ananitazama bila hata kucheka.

Bibi yangu, aliyekuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa, "Mwana huyu yuna safura."

Nilimnyamazisha. Nilimwambia, bibi, hayo ni maneno ya zamani, watoto wote hula uchafu. Nimesoma mimi, nafundisha watoto wa watu, na neno safura nililijua kama neno la kwenye kamusi tu. Leo najua kuwa yeye alikuwa amepima ugonjwa akiwa amekaa pale pale kitandani. Safura ni neno tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni rangi ya manjano, na wazee wetu walilitumia kwa mtu aliyepungukiwa na damu, mwili ukanyauka rangi, moyo ukamwenda mbio kwa kazi ndogo, na akashikwa na hamu ya kula udongo. Hata mnyoo unaonyonya damu tumboni huitwa kwa jina hilo hilo. Hamu ya kula vitu visivyoliwa, kama udongo, chokaa, barafu au mchele mbichi, ni alama ambayo madaktari nao wanaijua: mara nyingi mwili unaofanya hivyo umepungukiwa na madini ya chuma. Bibi hakuwa na maabara. Alikuwa na neno.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshampeleka mtoto kwenye zahanati mara tatu, zote kwa homa. Jina la zahanati hiyo silitaji. Mara mbili alipatikana na malaria akapewa dawa, mara moja akapewa ya homa tu. Alipimwa uzito, uzito haukuwa mbaya sana, ukaandikwa kitabuni. Hakuna aliyemfungua kiganja kuona kama kimekosa wekundu. Foleni ilikuwa ndefu na mhudumu alikuwa mmoja, hilo nililiona kwa macho yangu, lakini kutazama kiganja cha mtoto ni kazi isiyofika nusu dakika, na wahudumu wamefundishwa kuifanya kwa kila mtoto mgonjwa. Bado linaniuma.

Mara ya nne nilikwenda kwingine, baada ya Idd, kwa sababu alikuwa ananyonya kidogo, anaachia, anahema, ananyonya tena. Sista aliyetupokea alikuwa mtu mzima wa sauti ya chini. Alimshika mkono, akaukunjua, akautazama, akanyamaza.

"Mama, hina hii imepakwa lini?"

"Usiku wa kuamkia Idd."

Bibi ndiye aliyempaka, tena hakumchora maua kama wasichana wa sasa. Alimjaza kiganja chote, na vidole mpaka kwenye kiungo cha pili, kama walivyopakwa wao. Siku kumi zilikuwa zimepita na rangi bado ilikuwa ya kahawia iliyoiva.

"Basi hapa siwezi kusoma kitu," akasema. Akamgeuza mtoto kuelekea dirishani, akaweka kidole gumba chini ya jicho, akaivuta kope ya chini polepole. Akaniita nisogee nione. Kisha akaniambia nivute kope yangu mwenyewe nijitazame kwenye kamera ya simu. Ndani ya kope yangu palikuwa kama nyama ya pera jekundu. Ndani ya kope ya mwanangu palikuwa kama nyama ya dafu.

Nililia pale pale. Sista hakuniambia nisilie. Alichukua tone la damu kwenye kidole, akaliweka kwenye kijimashine, tukasubiri. 7.2.

Namba hiyo ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Hemoglobini ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima, na haiwezi kutengenezwa bila chuma. Kwa mtoto wa umri wa binti yangu, Shirika la Afya Duniani tangu 2024 linahesabu kuwa ana upungufu wa damu akishuka chini ya 10.5, na kuanzia miaka 2 hadi kufikia 5 mpaka ni 11. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Kwa hiyo alikuwa amebakiza vijipointi viwili. Nyumbani tulikuwa tunampiga picha.

Wala hakuwa peke yake. Kwa makadirio ya shirika hilo hilo ya mwaka 2019, watoto wenye upungufu wa damu duniani, wa kuanzia miezi 6 hadi kutimia miaka 5, ni karibu asilimia 40, yaani watoto kama milioni 269. Katika kanda ya Afrika ni asilimia 60. Nilipoisoma hesabu hiyo nilifikiria watoto wa mtaa wetu wanaocheza chini ya daka jioni, nikaanza kuwahesabu, nikaacha.

Swali nililojiuliza usiku ule ni hili: tumeishi baharini, samaki wanaingia mlangoni kabla ya adhuhuri, imekuwaje mtoto akose chuma?

Jibu nililipata kwa kuangalia sahani yetu. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoipata tumboni, hasa miezi ya mwisho ya mimba, na akiba hiyo humtosha takriban miezi 6. Maziwa ya mama ni bora kuliko chakula chochote, lakini chuma chake ni kidogo, kwa hiyo baada ya hapo ni lazima chakula kilete. Ile picha ya kwanza basi, pale darini, ilipigwa siku ambazo akiba ilikuwa ukingoni. Na sisi tukaanza kumlisha tunavyojua: uji, wali laini, viazi, na mchuzi wa samaki. Mchuzi tu. Nyama ya samaki tulikuwa tunaiacha sahanini kwa kuogopa miiba, tunammiminia supu na kusema amekula samaki. Chuma kiko kwenye nyama, si kwenye maji yaliyoichemsha. Ile nyama nyeusi nyeusi ya jodari, ambayo wengine huitupia paka, ndiyo yenye chuma zaidi kuliko nyama nyeupe ya samaki. Paka wetu wa Amu wamekula chuma cha wanangu miaka mingi.

Halafu chai. Jioni bibi akinywa chai yake ya maziwa, humchovyea mtoto mahamri, na mtoto humaliza kikombe. Ni mapenzi, nami nililelewa hivyo hivyo. Lakini majani ya chai yana kitu kinachokamata chuma cha mboga na nafaka tumboni kisiingie mwilini, na mtoto aliyeshiba chai na maziwa hana nafasi ya chakula kingine. Chuma cha nyama, ini na samaki huingia kwa urahisi. Kile cha mchicha, kunde na mbaazi huingia kwa shida, ila ukikisaidia kwa kitu chenye vitamini C: ndimu, embe, chungwa. Sisi hukamulia ndimu kila kitu. Kumbe tulikuwa tunamnyima mtoto ndimu kwa kuogopa itamuuma tumbo, tukampa chai.

Na hata kabla ya sahani, kulikuwa na kosa langu mwenyewe. Kliniki ya wajawazito nilipewa vidonge vya chuma na foliki asidi, kimoja kila siku. Vilinipa kichefuchefu, nikavila wiki tatu, nikaviweka kidakani pamoja na uvumba na mishumaa. Vilikuwa bado vipo. Sista aliponiuliza kama nyumbani kuna vidonge vya chuma nilidhani anataka nimpe mtoto. Alitaka niviondoe. Vidonge vile vinafanana na peremende, na mtoto akimeza vingi vinaweza kumuua. Nilirudi nyumbani nikavitoa kabla sijavua buibui.

Chakula pekee hakikumfikisha pale, hata hivyo. Malaria mbili katika msimu mmoja wa mvua zilikuwa zimefanya kazi yao. Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, na homa ikishapoa bado mwili hukawia wiki kadhaa kutengeneza nyingine. Ndiyo maana sista aliuliza habari za chandarua kabla hajauliza habari za chakula. Aliuliza pia kama mtoto hutembezwa bila viatu kwenye udongo wenye unyevu, kwa kuwa mnyoo wa safura huingia kupitia ngozi ya mguu, na kama ameshapewa dawa ya minyoo, ambayo kwa Kenya mtoto huanza kupewa akitimiza mwaka na kisha kila miezi 6. Akamchukulia damu ya kupima siko seli, ugonjwa wa kurithi unaoharibu chembe nyekundu za damu. Pwani yetu ugonjwa huo upo, na asili yake ni malaria hiyo hiyo: mtu aliyerithi mbegu moja tu ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja hulindwa na malaria kali, basi mbegu ikabaki katika koo zetu kizazi baada ya kizazi, mpaka wakutane wawili wenye nayo na mtoto apate mbili. Majibu yetu yalikuja salama. Nawajua wazazi ambao yao hayakuja hivyo.

Kuhusu wanja, sista alitazama macho ya mtoto na kuniambia niache. Wanja mwingine wa kusaga una risasi ndani yake, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huzuia utengenezaji wa damu na kuumiza ubongo. Sikubishana.

Nataka kusema jambo kuhusu dawa, kwa sababu tangu nianze kusimulia habari hii kina mama watatu wameniuliza jina la ile chupa ili wakainunue duka la dawa. Msifanye hivyo. Kisiwani Pemba, ambako wengi wetu tuna ndugu, palifanywa utafiti mkubwa ambapo watoto wadogo walipewa chuma na foliki asidi kila siku, wote, bila kuchagua nani amepungukiwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Pemba wakati ule malaria ilikuwa imejaa, na chuma kinapomiminwa kwa mtoto ambaye hakukihitaji, maradhi nayo hukifaidi. Lakini miongoni mwa watoto waliochunguzwa kwa karibu, waliokuwa na upungufu wa kweli na wakatibiwa malaria yao mapema, chuma kiliwasaidia. Chupa ni ile ile. Tofauti ni kidole kilichotobolewa kwanza, na chandarua kitandani.

Naifikiria Pemba kila ninaposikia mtu akisema mpe tu ya kuongeza damu, haina madhara.

Tulipewa dawa ya maji, kipimo kwa uzito wake, kwa miezi 3. Hapo wengi hukatikia njiani, nami nusura nikatike. Siku ya nne kinyesi kikawa cheusi kama lami na baba yake akataka tuache. Niliambiwa mapema kuwa ni kawaida, nikashikilia. Nilikuwa namwekea dawa kwa bomba la plastiki nyuma ya ulimi ili isimtie weusi kwenye meno, asubuhi, mbali na maziwa, na nyuma yake kijiko cha maji ya chungwa. Chakula cha mchana nilichambua samaki kwa vidole vyangu, kipande kwa kipande, nikivipapasa mara mbili mbili kutafuta mwiba. Kazi hiyo huchukua dakika ishirini. Mara moja kwa wiki ini, limepondwa na kukamuliwa ndimu. Bibi chai yake akaendelea kunywa, ila akigeukia ukutani ili mtoto asimuone.

Wiki ya pili aliacha chokaa. Hakukatazwa. Alipita pale chini ya dirisha kwa magoti kama hapajawahi kuwa na kitu.

Mwezi wa kwanza damu ilifika 9.1.

Katika siku hizo nilikutana kliniki na mama kutoka upande wa Kizingitini, kisiwani Pate. Mwanawe alikuwa ameshuka zaidi ya wangu, akaletwa Amu kwa boti aongezwe damu, na ilikuwa kusi, bahari imechafuka. Alinisimulia jinsi alivyomshikilia mtoto kifuani akisikia moyo wake ukipiga kama wa ndege, asijue kama mawimbi ndiyo yanayomtikisa au ni moyo. Alipofika ilibidi watu watafutwe wa kutoa damu. Walipatikana. Mtoto wake mzima leo, alhamdulillahi. Tangu siku ile mume wangu ametoa damu mara moja na nduguye mara moja, nami nitatoa nikishamwachisha mtoto ziwa. Akiba ya damu nchini hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa hupungua, lakini homa za watoto hazina likizo.

Idd Kubwa ilipofika dawa ilikuwa imebaki ya wiki chache. Tulimpima siku tatu kabla, 10.9. Nilimwonyesha bibi karatasi, akaiangalia kwa heshima ingawa hasomi maandishi hayo, kisha akamwita mtoto, akamvuta kope kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha, akatazama yeye mwenyewe.

Kumpata mtoto wa kumvuta kope ilikuwa kazi. Siku hizi hakaliki. Amepanda ngazi za darini peke yake mara mbili, amemwaga pishi nzima ya mchele kiwandani, na jirani ameniuliza mbona siku hizi mwana kawa mtundu na kawa mweusi. Nilimkumbatia jirani yule hadi akashangaa.

Usiku wa kuamkia Idd bibi alikoroga hina yake kwenye bakuli la kauri, na ndimu ndani yake. Mtoto akaketishwa, akanyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, kwa kuwa anaijua kazi hiyo sasa. Bibi akaviangalia, akavikunja vile vidole kimoja kimoja akavirudisha, na kumwambia alete miguu.